Chumba Namba Tisa, Machi

Nilifika Kalinzi saa kumi, mvua imenitangulia.
Vyumba kumi na vinne, funguo kumi na nne ukutani,
kila mmoja na kibao chake cha mninga,
na Nyabenda, ambaye ni mlinzi, mpokezi na mfua mashuka,
akaniuliza bila kutabasamu:
"Unataka kipi?"

Miaka thelathini na mmoja wodini Urambo
nimewapangia watu vitanda.
Mimi hakuna aliyewahi kuniuliza.
Nikasema tisa. Sijui kwa nini tisa.

Kilichonileta ni bei, niseme ukweli.
Juni ni ya wenye kamera,
Juni ina bei ya Juni,
na kiinua mgongo changu ni cha Machi.

Maji ya moto hapa yanategemea jua,
na jua, anasema Nyabenda, limekwenda likizo.
Basi kila jioni ndoo inapanda ngazi mkononi mwake,
inafuka, inanukia moshi wa mikaratusi,
anaitua mlangoni, anakohoa mara moja, anaondoka.

Usiku wa kwanza akawasha jenereta.
Taa zote za bustani, njia nzima hadi getini,
na kibao kile kilichopoteza herufi: KARI U.
Vyote kwa mtu mmoja mwenye soksi mbilimbili.
Nikaona haya, kama niliyechinjiwa ng'ombe mzima.
Nikatoka na kanga kichwani:
"Zima, baba. Giza tunajuana."
Akazima. Kumbe vyura walikuwa wanasubiri hilo tu.

Ukumbini meza nane, zote zimetandikwa,
glasi zimefunikwa vitambaa.
"Ukitandika moja," alisema, "hizo saba zinazoea."
Usiku wa pili nikahamia jikoni,
kwa Zerida, kwenye kigoda, karibu na mafiga.
Mgebuka mkavu ndani ya mawese,
ugali wa muhogo unaovutika,
sinia moja, mikono mitatu.
Zerida ana goti linalomuuma.
Nikalishika, mkono haujasahau,
nikamwambia aache kubeba kuni.
Alicheka hadi akaweka tonge chini:
"Abebe nani? Wewe wa chumba tisa?"

Siku tatu dirisha langu lilikuwa shuka jeupe.
Nikasoma kitabu cha wageni, hakuna kingine cha kusoma.
Julai: *Kahawa safi. Mbwa anabweka usiku.*
Agosti: *Ziwa zuri, ila ng'ambo hatukuiona.*
Agosti tena, mwandiko wa haraka:
*Ng'ambo hakuna kitu.*

Siku ya nne, alfajiri, mvua ikakatika
kama mtu aliyeitwa jina.
Mlango ukagongwa. "Mwakeye, mama. Njoo hivyo hivyo."
Nikaenda hivyo hivyo, pekupeku,
kati ya mibuni inayodondosha maji shingoni.

Ziwa lilikuwa chini, rangi ya bati jipya.
Na ng'ambo, Kongo,
milima imesimama yote, safu nyuma ya safu,
mikunjo yake ungeweza kuihesabu kwa kidole,
na pembeni, chini kabisa, karibu na maji,
moshi mmoja.
Mwembamba. Wa mtu anayechemsha uji.

Robo saa, labda pungufu.
Kisha ukungu ukapanda bonde bila haraka,
ukafunga.

"Kiangazi haionekani," alisema Nyabenda.
"Vumbi. Moto wa mashamba.
Wale wanalipa mara mbili."
Hatukucheka. Mbwa alibweka,
tukarudi kunywa kahawa.

Siku ya kuondoka akanisukumia kitabu na kalamu ya kamba.
Jina: Kalunde.
Utokako: Urambo.
Sababu ya safari: hapo nilikaa na kalamu
hadi bodaboda akapiga honi mara ya pili,
nikaruka.
Maoni:

*Ng'ambo kuna mtu.
Anaamka mapema.*